Ufa wa Chumbani kwa Bibi

Jumatano

Bado nasikia walivyonicheka. Tetemeko la juzi liliacha ufa chumbani kwa Bibi, na leo Ami, ndugu yake baba, alikuja kuuziba kwa saruji. Lakini mimi nimeona upande mmoja wa ukuta umeshuka. Mstari wa rangi haukutani tena.

Nikajikaza nikasema mbele ya wageni waliokuja kumpa pole Bibi. Skuli tulisoma kuwa ganda la dunia likivutwa huku na huku hukonda, hukatika, na kipande kimoja huzama. Ndivyo bahari baina yetu na bara ilivyopata kina. Labda na chini ya nyumba hii panashuka. Bora Bibi ahamie kwetu Vitongoji.

"Pemba ikikatika, bi mtaalamu, utaifunga kamba?" Ami alisema, wageni wakacheka. "Babu yako hana hata mwezi kaburini. Mwenye eda hatoki nyumbani."

Chuoni, kwenye Kurani, tulifundishwa kuwa mwenye eda akihofia nyumba kumwangukia anaruhusiwa kutoka. Nilitaka kusema, nikaishia kukusanya vikombe vya wageni.

Jioni Bibi akaniuliza, "Mwanangu, yale uliyosema ni kweli?"

Nikamwambia hapana, nilikuwa nakisia tu.

Akamshukuru Mungu, akajifunika kanga, akalala pale pale chini ya ufa. Mimi ndiye niliyemlaza hapo.