Laini Sasa Ni Nzima

Safinaz, uko? Nimeaibika mbele ya fundi wa mtandao.

Si nilikwambia nahama kampuni ya intaneti? Nikamkataza kung'oa waya wa zamani. "Usiuguse mpaka mpya uwake. Kesho Ijumaa, mwanangu Tamer anaweza kupiga kutoka Kuwait."

Akafunga ruta mpya, taa ikawaka. Akasema, "Haya mama Tamer, mpigie yeyote kwa video tujaribu."

Yeyote. Nikampigia Tamer, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakata.

Fundi akawa anaangalia viatu vyake. "Basi nipigie mimi, mama." Akatoka akasimama kwenye ngazi.

Safinaz, tumeongea dakika kumi na moja. Mimi sebuleni, yeye ngazini kwangu, katikati ukuta tu. Kaniuliza nimepika nini. Nikamwonyesha sufuria ya mboga ya mulukhiya. Kaniuliza nakula na nani.

Picha safi. Haikukwama hata mara moja.

Mwaka mzima nawaambia nyote kwamba Tamer hapigi kwa sababu laini yangu mbovu. Sasa ni nzima. Nitawaambia nini?