Simu Isiyofika Samuye

Shangazi Mageni, shikamoo. Nimesoma safu yako tangu nikiwa sekondari na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nami ningekaa chini kukuandikia, lakini nimefika mahali sina wa kumwuliza, maana kila ninayemwamini ana maslahi yake katika jambo hili, mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza, kwa hiyo nakuomba unisome hadi mwisho na unisaidie, na ukiichapa barua hii tafadhali utubadilishie majina.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, sisi ni Wahindi wa hapa hapa Shinyanga mjini, hata babu yangu alizaliwa hapa, na tangu baba alipofariki nafanya kazi dukani kwa baba mdogo Jashvant, ambako tunauza redio, saa, kaseti na vikokotoo, na mwaka huu, baada ya mnara wa simu kusimamishwa mjini, tumeanza kuuza na simu za mkononi. Shangazi, vitu hivi mimi navipenda kama wenzangu wanavyopenda vitenge. Boksi likifika kutoka Dar es Salaam nalifungua mimi, nasoma kijitabu cha maelekezo hadi kurasa za lugha nisizozijua, kisha nakijaribu kitu chenyewe siku kadhaa kabla sijakiweka kwenye kabati la kioo. Sasa hivi tuna simu za aina mbili. Moja ni nene, eriali yake imesimama kama kidole, ukiishika ni nzito kama embe bivu, lakini chaji yake inakaa na sauti inasikika safi. Nyingine ni nyembamba, ina kifuniko cha kukunja, ukiifungua namba zake zinawaka kijani kama shamba la pamba wiki moja baada ya mvua, ni nzuri mno kuitazama, ila chaji inakwisha mapema na ukigeuka kidogo tu sauti inakatika. Na kuna redio moja ndogo, inaingia kwenye mfuko wa shati, inashika mawimbi mafupi kutoka pande zote za dunia, na ina visikilizio vya kuvaa masikioni. Redio hiyo ndiyo iliyoniletea haya.

Kuna kijana anaitwa Ngassa, kwao ni Samuye, analima na kufuga, na kiangazi huenda kuchimba dhahabu upande wa Kharumwa. Mara ya kwanza alikuja kutafuta betri za tochi, akaiona ile redio, akaniomba aisikilize. Nikamvisha visikilizio, nikasogeza mshale polepole, akafumba macho. Alisimama pale kwenye kaunta wateja wakimpita kulia na kushoto, na alipovivua akaniambia, "Dada, kuna mama mmoja mle ndani anasoma habari kwa lugha ambayo sijawahi kuisikia. Lakini nimeuona mji wake. Una mto katikati." Mimi redio hiyo nimeisikiliza mara nyingi, Shangazi, na sikuwahi kuona mto. Jioni ile, baada ya kufunga duka, nikaivaa tena nikafumba macho kama yeye, na nikaona maji.

Tangu hapo anakuja kila Jumamosi. Anaanza kwa kumsalimia baba mdogo, kisha ananiambia "mwadila" na mimi najibu "mwadila", yaani habari za mchana kwa Kisukuma, nimeshazoea hadi mama ananicheka nikimsalimia hivyo nyumbani. Anavaa visikilizio, tunatafuta stesheni pamoja, mimi nimeshika kitufe na yeye ananiambia kwa mkono rudi, rudi, hapo hapo. Akimaliza ananisimulia alichokiona, soko lenye taa nyingi, watu wanapiga makofi ukumbini, mtu anaongea peke yake kwenye chumba chenye baridi. Sijui kama ni kweli. Ninachojua ni kwamba kuanzia Jumapili naanza kuisubiri Jumamosi, na nikipanda juu ya paa jioni kuanua nguo, ile taa nyekundu ya mnara ikiwaka, nasimama na nguo mikononi nikiwaza Samuye iko upande gani.

Sasa shida yenyewe. Kiangazi hiki Ngassa amepata dhahabu, si nyingi, lakini inatosha kununua kitu kimoja kizuri, na wenzake wa machimboni wanamwambia mwanamume aliyepata hatembei bila simu kiunoni. Jumamosi iliyopita akaja, hakuvaa visikilizio, akaegemea kaunta akaniambia, "Dada Disha, wewe vitu hivi unavijua kama mimi ninavyojua ng'ombe. Nikichagua mwenyewe nitachukua kinachong'aa. Nichagulie. Utakachosema, hicho hicho."

Nikamwambia anipe wiki moja.

Shangazi, jibu nalijua. Mwezi uliopita baba mdogo alipeleka mzigo Samuye kwa lori, nikapanda naye na simu zote mbili mapajani, na vile vijiti vya mtandao kwenye kioo vilikuwa vinapungua kimoja kimoja kadiri tulivyouacha mji, hata kabla hatujafika vikawa vimekwisha kwenye zote mbili, nene na nyembamba, na nikiwa nimesimama Samuye kati ya nyumba na mazizi nilikuwa nimeshika vitu viwili ghali visivyo na la kusema. Kharumwa ndiyo usiseme. Redio inafanya kazi kote, na betri zake zinauzwa hata kwenye viduka vya kijijini.

Lakini akichukua redio, ataivaa akiwa na ng'ombe wake, atauona ule mji wake wenye mto bila mimi kushika kitufe, na hatakuwa na haja ya kuja tena. Akichukua simu, itambidi aje mjini kupata mtandao, aje mjini kuchaji maana Samuye kwao hakuna umeme, na chaji tunaifanya sisi dukani, kwa hiyo atakuja kila Jumamosi, pengine na katikati ya wiki, na nitakuwa na namba yake, na akiwa Shinyanga mjini nitampigia nimsikie sikioni mwangu mwenyewe. Nimeota mchana nikiwa nimesimama kwenye kaunta kwamba simu inalia na ni yeye, anaongea kwa lugha nisiyoijua na naelewa yote.

Na baba mdogo ananisukuma huko huko. Jana nilimwambia simu haifiki Samuye, akanijibu bila kuinua macho, "Mwambie achukue simu. Mnara mwingine utakuja."

"Lini, baba mdogo?"

"Utakuja tu."

Kwa hiyo duka linataka simu, wenzake wanataka simu, na moyo wangu nao unataka simu. Ni vibaya kiasi gani, Shangazi, kumpa mtu anachokitamani mwenyewe? Huenda mnara utakuja kweli. Nijibu kabla ya Jumamosi ijayo, nakuomba sana.

Disha, Shinyanga.

*

Disha, marahaba. Gazeti halitoki upesi hivyo, kwa hiyo nimekutumia jibu hili kwa basi, na wasomaji watalisoma baadaye. Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba.

Nimekusoma hadi mwisho, na nikarudi tena pale kwenye paa na nguo mikononi. Sitakucheka. Nami nimewahi kusimama dirishani nikitazama barabara isiyo na mtu. Umempenda mtu kwa sababu alifumba macho akaona kitu ambacho wewe ulikuwa umekishika siku zote bila kukiona. Hiyo si sababu mbaya ya kupenda. Nimesoma mbaya zaidi kwenye meza hii.

Ila sasa nisikilize. Mtu huyo amekuja kwako akasema, utakachosema, hicho hicho. Wewe unanieleza eriali, chaji, taa ya kijani, halafu unaniuliza ni vibaya kiasi gani. Ni vibaya sana, na ungekuwa hujui usingeandika kurasa zote hizi. Kijana atatembea Samuye na simu kiunoni akiinyanyua juu kutafuta mtandao, na wenzake watamcheka, na siku atakapogundua kwamba ulipanda lori na kujua kabla yake, hatauliza kuhusu mnara. Atauliza kuhusu wewe.

Tena tuseme amechukua simu na anakuja kila Jumamosi. Amekuja kuchaji. Utampokea, utachomeka waya, utamtazama, na hutajua kamwe kama angekuja bila ule waya. Unataka kuishi hivyo, binti yangu? Kumfunga mtu kwa betri?

Na jambo lingine, maana wewe ni fundi wa kulinganisha. Umeniandikia uzito wa simu, rangi ya namba zake, sauti inavyokatika ukigeuka. Hukuniandikia kama Ngassa ana mke. Mwanamume mwenye ng'ombe wake, anayejua kuchimba, kutoka Samuye. Jumamosi zote hizo mlikuwa mnatafuta stesheni, hukuuliza. Kifaa ungekikagua kabla hujakiweka kabatini.

Basi fanya hivi. Jumamosi akija, mwambie ukweli wote, mbele ya baba yako mdogo, bila kumung'unya: simu hii haifiki kwako, hii nayo haifiki, nimezijaribu mwenyewe, chukua redio. Baba mdogo akinuna, anune. Mteja aliyeambiwa ukweli huleta ndugu zake, na mfanyabiashara wa miaka yote hiyo analijua hilo kuliko mimi. Siku hiyo usichanganye mambo mawili. Usimwambie habari ya moyo huku amefungua pochi. Muuzie, mpe redio yake, mfundishe kubadili mawimbi, kisha, akishakuwa si mteja tena, muulize waziwazi kama ana mke. Akiwa naye, umeuza redio nzuri kwa mtu mwema, na utalia, na utapona. Akiwa hana, mwambie duka lenu lina benchi nje na si lazima mtu awe na cha kununua ili alikalie. Usiseme zaidi. Yaliyobaki ayafanye yeye.

Na mama yako asije akasikia habari hii kutoka kwa jirani. Mmeishi mji huu vizazi vitatu, unajua maneno yanavyotembea. Mpelekee mwenyewe.

*

Shangazi, shikamoo. Jibu lako lilinifikia Ijumaa. Nilifanya ulivyosema. Baba mdogo alikuwa anapanga saa kabatini, akaendelea kuzipanga kama hanisikii nikieleza kwamba simu zetu zote mbili hazifiki Samuye. Ngassa akasema "wabeja", ndiyo asante kwao, akalipa redio. Mlangoni nikamuuliza kama ana mke. Akasema hapana, bado. Nikamwambia habari ya benchi, na sauti yangu ikanitoroka katikati, nadhani hakusikia nusu.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Nyingine pia hakuja. Nilivaa redio nyingine ya dukani jioni nikafumba macho, sikuona mto wala chochote, nikaivua. Nilikuwa nimeanza kukulaumu, Shangazi, nisamehe.

Kisha juzi, Jumanne, siku isiyo ya soko, akatokea. Shati limepigwa pasi, mikono mitupu. Baba mdogo akamwona kabla yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Redio imekufa?"

"Hapana, mzee. Inaimba vizuri."

"Umekuja kwa betri?"

"Betri ninazo."

"Basi umekuja kwa nini, katikati ya wiki, toka Samuye?"

Ngassa akavua kofia. "Nimekuja kuongea na Disha, kama utaniruhusu."

Baba mdogo akanitazama, akamtazama, akachukua kitambaa akaanza kufuta kioo ambacho kilikuwa safi. Mwishowe akasema, "Benchi liko nje. Lina jua saa hizi. Sogezeni kivulini."

Tulikaa hadi jua likageuka. Tuliongea habari za ng'ombe, za Kharumwa, za baba yangu, na kuna wakati tulitazama tu barabara. Atakuja tena Jumanne. Mama bado sijamwambia. Nasubiri siku nzuri.

*

Disha, siku nzuri ni leo. Weka gazeti chini, uingie jikoni kwa mama yako.