Kengele Imetoka kwa Kaseti ya Baba

Mama, salaam aleikum. Hapa Wabera mwili wangu ni mzima. Goti lako je? Maji imefika huko Sericho ama bado mnangojea lori? Halima dada yangu, msomee mama pole pole, na usiruke mahali.

Mama, ile kaseti ya marehemu baba ulinipa itengenezwe inakuja na lori ya Ijumaa. Lakini nisikie kwanza.

Unajua Mzee Kirimi, yule naishi kwake nikimfanyia kazi ya nyumba. Tangu astaafu, raha yake ni radio za zamani, na kila kitu anapima na kompyuta. Tulipoweka kaseti nikamwambia, "Mzee, hiyo si sauti ya baba. Ni nzito sana."

Akacheka. "Wewe na masikio yako ya ngamia!"

Lakini akapima. Akapata mpira ya radio ya kuzungusha kaseti imelegea, kaseti inatembea pole. Akabadilisha, na baba akatoka mwenyewe, mama, vile alikuwa anakuita. Nilienda nyuma ya mlango nikalia.

Hapo nikaanza kuamini kipimo chake.

Kesho yake akanionyesha laini ya sauti kwa kompyuta. "Unaona hii inarukaruka? Ko-ko-ko nyuma ya maneno. Ni uchafu. Tunatoa."

Mimi nilijua. Ni kengele ya mti ya yule ngamia wetu mweupe, alikuwa karibu baba akirekodi. Nikasema kwa roho, huyu amesoma, labda atabakisha kidogo. Akatoa yote. Kaseti mpya hakuna hii town, akarekodi juu ya ile ile. Ile ya kwanza, yenye ko-ko-ko, akafuta kwa kompyuta.

"Sikiza sasa, kijana. Safi kama maji."

Ni safi kweli. Hakuna neno imepotea. Lakini baba, mtu hakuwahi kulala chini ya mabati, sasa anaongea kama amefungiwa ndani ya nyumba.

Nikamwambia ilikuwa ngamia. Akazima kompyuta. "Na mbona hukusema?"

Yeye alifuta kitu hajui. Mimi nilijua, nikasimama tu nikiangalia kidole yake.

Nisalimie nyanya, na watoto wa Halima. Mjomba Jattani, yule anachunga, asitoe ile kengele kwa shingo ya ngamia. Ukicheza kaseti, cheza karibu na boma, jioni ngamia wakirudi na kengele. Haitakuwa ile. Najua.

Ni mimi kijana wako,
Guyo