Siku Syombua Alipokuja Kusuka

Mjukuu wangu Mwende,

Hapa Mwala tuko, ingawa mvua imetukatalia tena na mbuzi wamekonda. Unauliza umwambie nini jirani yako wa Mlolongo aliyefiwa na mtoto.

Nilipokuwa msichana, kila baada ya mavuno tulifundishwa kusuka viondo kwenye shamba la misheni. Mwaka mmoja mwalimu wetu, Syombua, alimzika binti yake, na wiki iliyofuata akaja darasani.

"Mama, si ungepumzika?" nikamuuliza.

"Nyumba imenyamaza sana," akasema. "Nipe katani."

Nikakaa karibu naye, nikimsokotea nyuzi. Alisuka, akafumua, akaanza tena.

Jioni nikamsindikiza. Mlangoni kwake akasita.

"Tangulia wewe."

Nikaingia, nikawasha moto. Sikupata neno la kumwambia, wala hakulitaka.

Nenda kwake, Mwende.

Susu wako