Chunjua ya Zimwi

Paris, 9 Novemba 1867. Asubuhi ukungu mzito. Saa nne umeondoka, imebaki baridi.

Dada yangu mpendwa Zélie,

Nakuamkia wewe na shemeji, nikitumaini kikohozi cha mama kimepungua. Mimi ni mzima, ila vidole vimeota malengelenge kwa kuchonga. Umeniuliza imekuwaje baba akarudi nyumbani Issoire peke yake, ilhali alikuja kunichukua. Nimefungua shajara yangu nisije nikatia chumvi.

Unajua karakana yetu huchonga kwenye mbao picha za kuchapwa magazetini. Mwezi uliopita ililetwa hadithi ya zimwi anayekula saa za minara. Picha ilikuwa kubwa, kwa hiyo kibao kikagawanywa sehemu nne, kila mchongaji na yake, ziunganishwe baadaye. Mimi niliangukiwa na kichwa. Mchoraji, mvivu yule, mahali pa uso alipaka wino mtupu, akasema tujaze wenyewe. Uso wa kutisha ninaoujua kwa moyo ni mmoja tu: wa baba, siku ile nilipopanda gari la moshi kuja Paris. Nikauchora vilevile, na chunjua yake shavu la kushoto, kisha nikauchonga. Nilisahau kwamba kibao kikipigwa chapa, kushoto huwa kulia.

Baba alifika Alhamisi ya juma lililopita, saa tano. Alimwambia msimamizi wetu, Bibi Taillefer, kwamba mwaka alioniruhusu umekwisha, binti yake anarudi kukanda mikate. Ndipo akaiona ile picha ya zimwi, imeshachapwa, ukutani. Akauliza huyo ni nani. Wenzangu wakakimbilia kuniokoa: "Si wewe, mzee! Chunjua yako iko kushoto, ya zimwi iko kulia."

"Nyie watoto msinifundishe uso wangu," baba akasema. "Miaka thelathini najinyoa mbele ya kioo. Huyu ndiye ninayemwona kila asubuhi."

Nilikiri kwamba mchongaji ni mimi, nikangoja kofi. Akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama ndivyo alivyokuwa siku ile pale stesheni. Nikajibu ndivyo, baba. Akaitazama tena picha, akajishika shavu.

"Basi hata mimi ningepanda gari," akasema.

Aliondoka na nakala tatu kwapani. Alisema mkanda mikate atatafuta mwingine, mimi nibaki.

Sasa Zélie, kuna neno nimekuwa nikilizunguka tangu mwanzo. Katika toleo la Desemba zimwi ana dada, mchawi anayekoroga ukungu kwa mwiko. Kichwa nimepewa tena mimi. Nimekwisha kukichonga, na lile kovu lako la kwenye unyusi wa kushoto limo. Usihofu lakini: safari hii nilikumbuka kugeuza. Wewe mwenyewe ukijitazama hutajitambua hata kidogo. Watakutambua watu wa Issoire tu.

Mbusu mama kwa niaba yangu, na baba pia, shavu lenye chunjua.

Mdogo wako akupendaye,
Honorine

Saa tatu na robo usiku. Nazima mshumaa, nalala.