Kaptula Iliyonuka Ziwa

Jumapili, jioni. Joto la Agosti limeufunika mtaa wetu wa Rexdale, hapa Toronto, kama kifuniko cha sufuria, na feni yetu inazungusha hewa ileile tangu asubuhi.

Shajara, nimerudi. Najua ulikuwa mpweke bila mimi, usijifanye.

Nilikuwa Ujerumani wiki mbili. Andika hiyo kwa wino mzito: mimi Bahati, niliyeacha shule darasa la kumi na moja, niliyeambiwa na mwalimu wa hesabu kwamba sitafika mbali, nimefika mbali. Tena kwa ndege mbili na treni mbili.

Kabla sijaondoka nilishawatangazia watu wote ghalani, kule tunakopakia maboksi karibu na uwanja wa ndege, kwamba nakwenda kuogelea kwenye maziwa ya Ulaya. Niliwaonyesha hadi mtindo. Mikono hivi, kichwa hivi, huku msimamizi ananitazama kama mtu anayetafuta namba ya gari la wagonjwa. Kuna jambo dogo tu nililosahau kuwaambia.

Sikujua kuogelea.

Na sikujua kwa sababu nyumbani kwetu kuna sheria moja isiyojadiliwa: mtoto wa Mama haingii ziwani. Wala mtoni. Wala bwawa la shule. Tulipokimbia kutoka Baraka, upande wa Kongo, kuvuka Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma, mimi nilikuwa na miaka mitatu. Boti ilipinduka ng'ambo ikishaonekana. Mama alitoka na sisi wawili, mimi na dada yangu. Baba hakutoka.

Hadithi yetu ina urefu huohuo. Haiongezwi neno.

Dada ndiye niliyemfuata Ujerumani. Namwita yaya Furaha, maana kwetu dada mkubwa ni yaya, na ole wako ukimwita jina tupu. Alikwenda huko kusomea kazi ya kutunza wazee, akabaki. Anaishi mji mdogo wa kaskazini, mwendo wa treni kutoka Hamburg, na nakuambia mji ule umezingirwa na maziwa. Ukitema mate bila kuangalia, umetema ziwani. Kuna ziwa nyuma ya kanisa, ziwa nyuma ya duka la mikate, ziwa msituni ambalo halina kazi yoyote, limekaa tu na bata wake.

Siku ya kwanza alinipa baiskeli ya kike yenye kikapu mbele. Nikacheka. Mimi? Kikapu? Nikapanda kwa madaha, nikashuka kilima kwa kasi, na kama tulivyozoea nikapiga pedeli kinyumenyume ili watu wasikie ule mlio mtamu. Kumbe baiskeli zile, ukipiga pedeli kinyume, ndiyo breki. Gurudumu lilikaza palepale. Mimi sikukaza. Nilikwenda kulala kwenye majani yanayowasha, na kikapu kikanifuata.

Mzee mmoja aliyekuwa akipita na mbwa wake aliniangalia, akasema, "Moin." Ndiyo salamu yao. Asubuhi moin, mchana moin, jioni moin, ukianguka majanini moin.

Jambo lililonishangaza zaidi ni hili: watu wale huzunguka ziwa kwa miguu. Wanaanzia gatini, wanafuata njia ya miti, matete kushoto, misonobari kulia, saa tatu nzima, halafu wanafika palepale walipoanzia na wanafurahi. Hawakwenda popote! Nilimwuliza yaya Furaha, sasa tumefika wapi? Akaniambia, "Tumefika." Nikakaa na jibu hilo siku mbili. Kwetu ziwa ni la kuvuka. Una upande huu, una upande ule, na sababu ya kuondoka. Kulizunguka ili urudi kunywa chai? Nani alikuwa na nafasi hiyo?

Kuhusu wazee wanaoogelea uchi wa mnyama nitasema kidogo tu. Wapo. Wana upande wao, na kibao chao, ambacho mimi sikukisoma. Nao walinisalimia moin.

Siku ya tatu, saa mbili asubuhi, nikaona siri. Yaya Furaha alitoka zamu ya usiku, akapita nyumbani kuchukua taulo, akaniambia nimfuate. Tulipofika ziwani alivua viatu, akatembea hadi mwisho wa gati, akajirusha. Dada yangu. Mtoto wa Mama. Nilipiga kelele nikidhani anajiua, na bata wote wakaruka. Kichwa chake kikaibuka mbali, kidogo kama embe, akaenda mpaka ng'ambo na kurudi. Akatoka akitiririka maji, akasema, "Ukimwambia Mama, nitakurudisha Toronto ndani ya sanduku."

Alijifunza bwawani na akina mama wengine wageni, miaka minne iliyopita. Nilimwuliza kwa nini. Akasema alichoka kuogopa kila akipita darajani.

Basi akanifundisha. Maji ya kule ni ya kahawia kama chai isiyo na maziwa, lakini ukisimama hadi kifuani unaona vidole vyako vya miguu, na samaki wadogo wanavikagua. Aliweka kiganja chini ya mgongo wangu, akasema, "Jifanye umelala." Nilijifanya. Nikazama. Nikajifanya tena. Wiki nzima nilikunywa lile ziwa, naamini kina kilipungua.

Asubuhi ya mwisho nilipiga mikono kumi na miwili bila kugusa chini. Kumi na miwili! Nilitoka nikijipiga kifua kama bingwa wa dunia. Muda ukawa umekwisha, treni inangoja, nikaisokota kaptula ikiwa mbichi, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, nikaisukuma chini kabisa ya sanduku, chini ya zawadi.

Sasa wewe niambie, Shajara. Mtu mwenye akili anaficha kitu kwenye sanduku ambalo mama yake Mkongo atalifungua?

Alhamisi nilipoingia mlangoni, Mama alinikumbatia kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa tayari kwenye zipu. Akatoa chokoleti, akatoa sabuni, akatoa kitambaa alichotumiwa na yaya Furaha, akakipima begani, akatabasamu. Halafu akatoa mfuko. Akaufungua. Akaipeleka kaptula puani.

Nilikuwa na uongo wa aina tatu tayari. Mvua. Bafu. Bia imemwagika. Nilikuwa nachagua.

Mama akasema, taratibu, "Hii ni ziwa."

Hakuuliza. Alisema tu, kama mtu aliyekutana na jirani wa zamani kwenye foleni ya benki. Nguo iliyokauka nusu kwa maji ya ziwa ina harufu yake, ya matope na matete na kitu kama chuma, na yeye alizaliwa Baraka, hakuna wa kumdanganya. Mimi, bingwa wa maneno tangu kambi ya wakimbizi, nikainama kufungua viatu.

Mashine ya kufulia ipo chini, kwenye jengo letu. Hakwenda. Aliifua kaptula kwa mikono ndani ya beseni, muda mrefu kuliko uchafu wake.

Nililala nikijua nimeuvunja moyo wa mtu, na kwamba sipati hata kujisifu.

Ijumaa nilipotoka kazini nikamkuta anakatakata sombe, majani ya muhogo. Bila kuinua macho, akauliza, "Lina mawimbi?"

"Madogo, Mama."

"Madogo namna gani?"

"Kama ya beseni."

Akaendelea kukata. Baadaye, tukiwa tunakula: "Samaki wake?" Nikamwambia wanauza samaki wa moshi ndani ya mkate, na kitunguu kibichi. Akafikiri. "Wa moshi ni sawa. Mkate wa nini?" Jumamosi asubuhi, kupitia mlango wa bafu, mimi nikiwa na dawa ya meno mdomoni: "Unaona chini?" Nikamwambia hadi vidole. Mchana nikamweleza habari ya watu kulizunguka kwa miguu. Aliacha kupasi.

"Wanalizunguka lote?"

"Lote. Kwa saa tatu."

"Hilo si ziwa, papa. Hilo ni karai." Papa ndiyo mimi, kwetu mtoto wa kiume huitwa hivyo kwa mapenzi. Halafu, "Na hao watu wanaoga wamevaa?"

Nikasema wengine uchi, Mama, uchi kabisa, na wazee wazima.

"Na walikusalimia?"

"Walinisalimia."

"Basi wana adabu."

Hakuniuliza nani alinipeleka. Hilo ndilo nililokuwa nalingoja kwa jasho. Nilianza kuona kitu cha ajabu: hakuwa na hasira. Alikuwa na njaa. Kila swali alilileta kama mtu anayeomba chumvi kidogo, halafu anarudi kuomba tena.

Jana jioni nikafungua ramani kwenye simu. Kila siku napanda basi la barabara ya Kipling kwenda juu, ghalani. Sikuwahi kufikiria ile barabara inaanzia wapi. Nikaifuata kwa kidole kwenda chini, chini, chini, ikapita stesheni, ikapita reli, ikafika mwisho.

Mwisho wake ni ziwa.

Miaka tisa tunaishi Toronto, kwenye barabara inayoingia ziwani kama mfereji, na nimevuka bahari kwenda kutazama karai la Wajerumani.

Leo baada ya ibada nikamwonyesha Mama, tukiwa bado kwenye ngazi za kanisa. Alitazama ramani muda mrefu. Akasema, "Si mbali." Akiwa na kitenge chake cha kanisani, kilemba na pochi, tukapanda basi la kwenda chini, tukashuka stesheni, tukapanda lingine. Njiani nilipiga porojo zangu zote. Nilimwona tu anashika pochi kwa mikono miwili.

Ziwa Ontario halizungukwi kwa miguu, nikwambie. Halina ng'ambo. Upande wa kushoto majengo marefu ya mjini na mnara wao vinasimama kwa mbali, na mbele hakuna kitu, maji tu mpaka mbinguni. Mama alisimama kwenye mawe. Nikaogopa kwamba nimemleta kaburini.

Akavua viatu. Akaingia mpaka kwenye vifundo vya miguu, kitenge kakikusanya mkononi, akainama, akachota, akaonja. Akasema, "Ni matamu. Kama ya kwetu." Akageuka.

"Haya. Nionyeshe."

"Mama?"

"Si unajua kuogelea? Tangu Alhamisi unatembea kama umemeza samaki. Ingia."

Kaptula nilikuwa nimeivaa ndani, sikatai. Niliingia. Baridi ilinibana mpaka nikasahau jina langu. Nikajilaza, nikaanza, moja, mbili, tatu, mikono ya Kijerumani, na nikajua macho yake yako mgongoni kwangu na kwamba nikizama leo nitakuwa nimefanya dhambi isiyo na jina.

Nyuma yangu nikasikia sauti. Si kilio.

"Miguu! Miguu, Bahati! Unapiga kama chura mgonjwa! Kunja goti, fungua, funga! Funga! Usinyanyue kichwa, nani alikufundisha kunyanyua kichwa?"

Nikageuka, nikameza lita moja. "Yaya Furaha!"

Ikatoka. Siri ya miaka minne, na mimi nyumbani sijadumu nayo siku nne.

Mama alinitazama. Akafungua pochi, akatoa simu, akapiga ya video. Ujerumani ilikuwa tayari jioni. Uso wa yaya Furaha ukatokea, akaona maji nyuma ya Mama, akaniona mimi natetemeka kama kuku aliyenyeshewa, na nikaona uso wake ukipauka.

"Furaha," Mama akasema. "Umemfundisha vibaya."

Yaya Furaha akaisogeza simu karibu na uso.

"Umemfundisha kunyanyua kichwa. Mtu akinyanyua kichwa anachoka. Mimi ningenyanyua kichwa siku ile, tusingefika." Alikuwa anatazama maji, si simu. "Wewe nilikuweka mgongoni, umenikaba shingo. Huyu nilimshika kwa meno. Kola ya shati."

Yaya Furaha alikuwa analia kule. Mama akamwambia ajifute, akamwuliza kama kitambaa kingine cha rangi ile kinapatikana.

Tulirudi na basi. Alilala begani kwangu tangu stesheni mpaka nyumbani, miguu yake ina mchanga ndani ya viatu vya kanisa.

Mama alitoka na sisi wawili. Sentensi hiyo nimeisikia maisha yangu yote, Shajara, na mimi ninayejua kila kitu sikuwahi kuuliza: alitoka vipi? Nilidhani watu hutoka tu. Nilidhani ziwa lilimwogopesha, kumbe alilishinda, na ushindi ule ulimgharimu mtu mmoja, na hakutaka kuuonyesha kwa yeyote. Kama ningekuwa mimi, ningeuvaa kama nishani mpaka basini.

Kaptula iko balkoni, inakauka mbele ya Rexdale nzima. Ameianika yeye, katikati ya kamba, na vibanio viwili.

Kesho saa kumi na moja alfajiri naamka, basi la juu, maboksi. Wataniuliza habari za Ulaya na nitajisifu, hiyo haiepukiki. Lakini Jumapili ni basi la chini. Kocha ameshasema anataka kuona magoti.

Nimekaa hapa nashika kola yangu. Nikimwuliza shati lile lilikuwa la rangi gani, ataniambia?