Damu Yangu na Maneno Yako

Dada Marlys,

Theluji imeyeyuka huku Wisconsin, na Mama ameshapanda njegere. Anakusalimu.

Majibu yangu ya ugonjwa wa kupe, huu unaovimbisha viungo, nilikuonyesha wewe peke yako. Kipimo cha kwanza kilisema ninao, cha pili kikakataa. Daktari alisema damu hukawia kuonyesha, tungoje. Nililia begani kwako.

Wiki mbili zilizopita kaka Orrin alikuja kuwachukua ng'ombe wangu akawatunze kwake.

"Kama kazi imekushinda, ungesema," aliniambia. "Marlys katwambia huumwi. Eti unatafuta huruma."

"Na wewe ukaamini?"

"Si karatasi inayosema huna ulimwonyesha mwenyewe?"

Nilimfungulia lango.

Siku ile ile nilirudi kupimwa. Majibu bado hayaeleweki. Ila daktari alilishika goti langu lililovimba, akasema hangoji tena, akanianzishia dawa. Sasa napanda ngazi bila kushika ukuta.

Ukija mwezi ujao nitakupokea, nitakupakulia chakula kama kawaida. Lakini usiniulize naendeleaje.

Mdogo wako,
Verna